Beringi sita zimekufa, kumi bado zinazunguka: dhamana iwe ya saa ngapi?

Swali kutoka Kibaigwa: Nina karakana ya kuunda mashine za kusaga nafaka. Kila mashine inayotoka kwangu nimeifunga mita ya saa. Mpaka sasa zimetoka 16, zote zikiwa na beringi ya aina moja upande wa puli. Sita zimekufa, zikiwa na saa 620, 980, 1,240, 1,520, 1,880 na 2,240. Kumi bado zinafanya kazi, na mita zake zinasoma 410, 750, 1,100, 1,300, 1,450, 1,700, 1,950, 2,100, 2,400 na 2,600. Nimepiga wastani wa zile sita nikapata saa 1,413. Wateja wanataka dhamana ya maandishi. Naweza kuandika saa 1,400?

Jibu: Hapana, fundi. Ukiandika 1,400, karibu mashine moja katika kila nne itakurudia kabla dhamana haijaisha. Na wakati huohuo, wastani wako wa 1,413 ni mdogo kuliko uhai halisi wa beringi zako. Mambo haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yote ni kweli. Ukielewa ni kwa nini, utakuwa umeshapata nusu ya jibu.

Tuanze na wastani. Umezihesabu zilizokufa peke yake. Beringi iliyofika saa 2,600 na bado inazunguka imekupa habari kubwa kuliko yoyote kwenye orodha yako, nawe umeiacha nje. Zilizokufa mapema ndizo zinazoingia kwenye daftari kwanza, kwa hiyo ukichukua wastani wa waliokufa tu wakati wengi wako hai, unapima wale wenye umri mfupi. Ni sawa na kutaka kujua watu wa kijiji huishi miaka mingapi kwa kusoma misalaba ya makaburini huku wazee wenyewe wamekaa barazani.

Wengine wakishaona kosa hilo hukimbilia upande wa pili. Hujumlisha saa zote, za zilizokufa na zilizo hai, kisha hugawa kwa idadi ya vifo. Kwako jumla ni saa 24,240, ukigawa kwa 6 unapata 4,040. Hesabu hiyo ni halali kwa sharti moja tu: kwamba kifaa hakizeeki, yaani hatari ya kufa katika saa ya 10 ni sawa na hatari katika saa ya 2,000. Fyuzi inayoungua kwa radi inaweza kukaribia sharti hilo. Beringi inayokula vumbi la unga kila siku haikaribii hata kidogo. Kwa hiyo 4,040 nayo iweke kando.

Kwanza, hesabu ya kalamu na karatasi

Panga namba zote 16 kuanzia ndogo hadi kubwa, bila kutenganisha hai na wafu, na weka alama ya msalaba kwa zilizokufa. Kisha kwenye kila msalaba jiulize: muda mfupi kabla ya hapo, ni beringi ngapi zilikuwa zimefika umri huu zikiwa bado kazini?

Kwenye saa 620 zilikuwa 15. Ile ya 410 haijafika huko, kwa hiyo haina ushahidi wa kutoa. Imekufa moja, zimebaki 14 kati ya 15, yaani 0.933. Kwenye saa 980 zilizofika ni 13. Imekufa moja, zimebaki 12 kati ya 13. Zidisha: 0.933 × 12/13 = 0.862. Endelea hivyohivyo. Kwenye 1,240 zilikuwa 11, unapata 0.783. Kwenye 1,520 zilikuwa 8, unapata 0.685. Kwenye 1,880 zilikuwa 6, unapata 0.571. Kwenye 2,240 zilikuwa 3, unapata 0.381.

Njia hii ilichapishwa mwaka 1958 na Kaplan na Meier, na hospitali huitumia kila siku kukadiria muda wa kuishi wa wagonjwa. Angalia jinsi inavyozitendea haki beringi hai: kila moja inahesabiwa katika mgawanyo mpaka umri ilioufikia, kisha inajitoa bila kuhesabiwa kama kifo. Wataalamu wa takwimu huziita data za namna hiyo data zilizokatizwa, kwa maana umeona mwanzo wa maisha ya kifaa lakini hujaona mwisho wake.

Sasa unaona kwamba zaidi ya nusu ya beringi zako bado zinaishi baada ya saa 1,880, na kwamba kwenye 1,413, ule "wastani" wako, zilizo hai ni kama 78 kati ya 100. Zilizokufa ni 22 kati ya 100, na hao ndio wateja ambao wangekuwa mlangoni kwako na karatasi ya dhamana mkononi.

Njia hii ina udhaifu mmoja unaokugusa. Kabla ya saa 620 haisemi chochote, kwa sababu hapo hakuna aliyekufa. Na dhamana nzuri huwa iko hukohuko, katika saa za mwanzo ambako vifo ni vichache. Ili kuingia huko unahitaji mchoro wenye umbo.

Umbo la Weibull

Waloddi Weibull alikuwa mhandisi wa Sweden. Mwaka 1939 alitoa hesabu ya nguvu za vitu vinavyovunjika, na mwaka 1951 akaonyesha kwamba umbo hilohilo linafaa kwa mambo mengi mno. Linasema hivi: sehemu ya vifaa vilivyo hai kwenye saa t ni e^(−(t/η)^β), e ikiwa namba isiyobadilika, 2.718 hivi. Namba zinazotafutwa ni mbili tu.

Eta (η) ni umri ambao kufikia hapo asilimia 63.2 ya vifaa vimekufa. Usiuite wastani.

Beta (β) ndiyo inayosema vifaa vinakufaje, na mimi huitazama hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa chini ya 1, vifaa vinakufa sana vikiwa vichanga na vinavyobaki ni imara: hapo shaka ipeleke kwenye ufungaji mbaya au beringi bandia. Ikiwa karibu na 1, vifo ni vya ajali, havijali umri. Ikiwa juu ya 1, vifaa vinachakaa, na kadiri beta inavyopanda ndivyo vifo vinavyokusanyika kwenye umri mmoja.

Ili kuzipata, kila kifo kinahitaji kupewa nafasi yake katika foleni. Kama zote 16 zingekuwa zimekufa, nafasi zingekuwa 1, 2, 3 mpaka 16. Lakini ile yenye saa 410 ipo hai. Huenda ingekufa kabla ya 620, huenda ingeenda mpaka 3,000. Hivyo nafasi ya kifo cha kwanza si 1 kamili, ni zaidi kidogo. Kanuni yake ni hii: chukua idadi yote jumlisha 1 (kwako 17), toa nafasi ya kifo kilichotangulia, kisha gawa kwa moja jumlisha idadi ya beringi zilizofika umri huo. Unachopata ongeza kwenye nafasi iliyotangulia.

Kifo cha kwanza: (17 − 0) ÷ (1 + 15) = 1.06. Hiyo ndiyo nafasi yake.
Kifo cha pili: (17 − 1.06) ÷ (1 + 13) = 1.14. Nafasi yake ni 1.06 + 1.14 = 2.20.

Ukimaliza, geuza nafasi iwe sehemu ya vifo: toa 0.3, gawa kwa idadi yote jumlisha 0.4, yaani 16.4. Kwa beringi zako inatoka hivi:

| Saa | Nafasi | Sehemu iliyokufa |
|---|---|---|
| 620 | 1.06 | 0.046 |
| 980 | 2.20 | 0.116 |
| 1,240 | 3.43 | 0.191 |
| 1,520 | 4.94 | 0.283 |
| 1,880 | 6.66 | 0.388 |
| 2,240 | 9.25 | 0.546 |

Fungua Excel. Weka saa kwenye safu A, sehemu iliyokufa kwenye safu B, mistari ya 2 hadi 7. Kwenye C andika =LN(A2), kwenye D andika =LN(-LN(1-B2)), vuta mpaka chini. Beta ni =1/SLOPE(C2:C7,D2:D7). Eta ni =EXP(INTERCEPT(C2:C7,D2:D7)). Zingatia mpangilio: safu ya logi za saa inatangulia, kwa sababu saa za kufa ndizo zenye kuyumba, si nafasi kwenye foleni. Kama kompyuta yako inakataa koma, tumia nukta mkato.

Utapata beta ya 2.17 na eta ya saa 2,544 hivi. Chora D dhidi ya C uone nukta zikilala kwenye mstari. Zako zimenyooka kuliko kawaida. Siku nyingine zikikuyumbia kidogo usiogope. Cha kuogopa ni mstari uliopinda kama kiwiko cha mkono, na hilo nitalirudia.

Sasa maswali yote yanajibika. Umri ambao asilimia 10 zimekufa ni saa 901 hivi. Asilimia 5 ni saa 647. Kufikia saa 500 zitakufa asilimia 2.9, kufikia 1,000 asilimia 12, na kufikia 1,413 asilimia 24. Wastani wa kweli, ukiutaka, ni kama saa 2,250. Ungefanya hesabu hii kwa zile sita peke yake ungepata eta ya 1,620, na asilimia 10 zingeonekana zimekufa saa 600 badala ya 900. Hilo ndilo pengo la kuwasahau walio hai.

Vifo sita ni vichache

Namba hizi zimetoka kwenye vifo sita. Kumi na sita ni idadi ya mashine, lakini uzito wa ushahidi unapimwa kwa idadi ya vifo. Kabla hujaandika dhamana, jiulize eta inaweza kuwa ndogo kiasi gani bila data zako kuonekana za ajabu.

Njia nyepesi ni kuishikilia beta ilivyo na kushusha eta. Kwa kiwango cha imani cha asilimia 90, andika =CHISQ.INV(0.9,14), ambapo 14 ni mara mbili ya vifo jumlisha 2. Jibu ni 21.06, nusu yake ni 10.53. Gawa 6 kwa 10.53, kisha pandisha kwa kipeo cha 1/2.17. Unapata 0.77. Kwa hiyo eta ya tahadhari ni 2,544 × 0.77, kama saa 1,960, na umri wa asilimia 10 unashuka kutoka 900 hadi karibu 700. Kwenye saa 500 vifo vinapanda kutoka asilimia 2.9 hadi 5. Kwa kuwa beta yenyewe pia imetokana na vifo sita tu, usijaribu kuzikadiria namba hizi kuelekea juu.

Ushauri wangu: andika dhamana ya saa 500 za mita. Tarajia mashine 3 kati ya 100 kurudi, na jiandae kwa 5. Tuseme beringi, nauli ya fundi na siku ya kazi vinakugharimu shilingi 120,000. Asilimia 5 yake ni shilingi 6,000 kwa kila mashine unayouza. Iingize kwenye bei tangu mwanzo. Mashine inayosaga saa 5 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inafikisha saa 500 katika muda usiotimia miezi minne. Andika saa, usiandike miezi: msimu wa mavuno mashine moja itafanya kazi mara tatu ya nyingine, na miezi itakudanganya.

Namba zinasema beringi zinakufa kwa nini

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi, maana kuna faida kubwa kuliko dhamana.

Kila beringi ina namba ya C kwenye katalogi, yaani uwezo wake wa kubeba mzigo unaozunguka. Hesabu ya uhai wa beringi iliwekwa msingi na Lundberg na Palmgren mwaka 1947, na sasa imo kwenye kiwango cha ISO 281. Kwa beringi za gololi, uhai ambao asilimia 90 wanaufikia ni (C ÷ P) mara tatu kwa kujizidisha, kwa mamilioni ya mizunguko, P ikiwa mzigo halisi. Tuseme C ni kilonewtoni 30 na mzigo wa mkanda pamoja na rota ni 3. Hiyo ni 10 × 10 × 10, mizunguko milioni 1,000. Kwa shafti ya mizunguko 3,000 kwa dakika, ni saa 5,556.

Asilimia 90 ya zako zinafikia 900. Weka C ya beringi yako na mzigo wako halisi, lakini kama jibu linakaribia hizo 5,556, beringi zako zinapata sehemu ya sita ya uhai wake. Chuma hakijachoka, kuna kitu kinakiua mapema. Beta inaelekeza palepale: kwa uchovu wa chuma ISO 281 hutumia beta ya 1.5, na yako imefika 2.17. Vifo sita havitoshi kuapa kwamba tofauti hiyo ni ya kweli, ila pamoja na huo uhai mfupi inanukia uchakavu wa vumbi na joto.

Mkanda uliokazwa kupita kiasi nao ni mshukiwa. Ongeza mzigo kwa robo tu, kutoka 3 hadi 3.75, na 10 inakuwa 8. 8 × 8 × 8 ni 512. Saa 5,556 zinageuka 2,844. Robo ya mkazo imekula nusu ya uhai, kwa sababu ya kile kipeo cha tatu.

Kwa hiyo usitupe beringi iliyokufa. Ipasue kwa msumeno, ioshe kwa mafuta ya taa, uitazame juani. Njia ya gololi ikiwa na rangi ya kijivu isiyong'aa, na grisi ikikwaruza kama mchanga ukiisugua kati ya vidole, ni vumbi la unga na udongo lililopita sili. Ikiwa na rangi ya kahawia au bluu, iliungua: grisi iliisha, au ilijazwa mno ikajikoroga na kujipasha moto (jaza theluthi hadi nusu ya nafasi ya nyumba yake, usizidishe). Ukiona vishimo vidogo vyenye umbali sawa na wa gololi, mtu aliipiga nyundo kwenye ringi isiyo sahihi siku ya kuifunga. Ringi ya ndani iking'aa kwa ndani kama kioo, ilikuwa inateleza juu ya shafti iliyotorniwa nyembamba. Hilo ni kosa la karakana, na halina uhusiano na beringi. Magamba yaliyobanduka kwenye njia, huku sehemu nyingine ikiwa safi, ndiyo uchovu wa kweli, na kwa saa 900 hutayaona mara nyingi.

Andika sababu kwenye daftari mbele ya kila kifo. Ukitaka kukadiria uhai dhidi ya vumbi, vifo vya vumbi ndivyo vifo. Beringi iliyokufa kwa nyundo kwenye saa 620 ihesabu kama iliyo hai mpaka 620, kisha ikajitoa. Usiifute. Iliishi saa 620 bila kuuawa na vumbi, na huo ni ushahidi. Watu wengi hufuta mistari ya namna hiyo kwa nia njema ya kusafisha data, na jibu linapinda.

Ule mchoro wenye kiwiko hutokea sababu mbili zinapochanganywa. Nukta za mwanzo zinalala kwenye mstari wa mlalo mwepesi, beta chini ya 1, halafu zinasimama ghafla. Hapo usilazimishe mstari mmoja. Tenganisha sababu, au tenganisha shehena za beringi kama ulinunua kwa wauzaji wawili.

Data zikiwa na matobo

Mita ya saa ikiharibika, risiti za LUKU zinasaidia. Mota ya farasi 15 ni kilowati 11. Ikifanya kazi kwa asilimia 70 ya mzigo, kwa ufanisi wa 0.88, inavuta kilowati 8.75 hivi kutoka kwenye nguzo. Mteja aliyetumia yuniti 1,750 kwenye mita ya mashine peke yake amesaga saa 200. Pima mara moja kwa saa nzima uone mashine yako inavuta ngapi, ndipo uitumie hiyo badala ya hesabu yangu.

Mteja akipotea, usimtoe kwenye orodha. Mwandike hai kwa saa za siku ya mwisho mlipozungumza. Hapa lakini kuna mtego: kama amepotea kwa sababu beringi ilikufa na akaita fundi wa jirani, umeandika hai aliye mfu, na uhai wote utaonekana mrefu kuliko ulivyo. Hesabu zote hapo juu zinachukulia kwamba aliyejitoa hana hatari tofauti na waliobaki. Kwa hiyo wapigie simu wote kwa tarehe moja, wale wanaolalamika na wale walio kimya, na usome mita zao siku hiyohiyo.

Beringi mpya inayowekwa mahali pa iliyokufa ianzie sifuri na ipewe mstari wake. Usiendeleze saa za mashine. Ukishakuwa na vifo 20 na zaidi, hamia kwenye programu ya R na kifurushi chake cha survival, ambacho ni bure na kinakadiria kwa njia ya uwezekano mkubwa zaidi, yaani kinatafuta beta na eta ambazo data zako zinaziendea vizuri kuliko zote. Kwa vifo vichache njia hiyo huwa inaipandisha beta, ndiyo maana sikukupeleka huko leo.

Muuzaji akikuletea aina nyingine

Atakwambia ni bora. Ukitaka kujua kama angalau 90 kati ya 100 zitafika saa 500, kwa imani ya asilimia 90, funga 22 na uziendeshe saa 500 bila hata moja kufa. Namba hiyo inatoka kwenye ln(0.1) ÷ ln(0.9), ambayo ni 21.9. Beringi 22 ni nyingi kwa karakana, lakini beta inakupa njia ya mkato. Ukiichukua kuwa 2, kuendesha mara mbili ya muda kunapunguza idadi mara nne: beringi 6, saa 1,000, usiku na mchana ni siku 42. Ziendeshe zikiwa na mkanda wa kweli na vumbi la kweli. Jaribio kwenye benchi safi litakupa jibu la beringi za feni. Ikifa hata moja kabla ya saa 1,000, jaribio halijapita, na kurudia mpaka lipite si kupima tena.

Kubadilisha kabla haijafa

Kwa kuwa beta yako iko juu ya 1, kuna faida kuitoa beringi ikiwa bado nzima. Ingekuwa 1 au chini, ungekuwa unatupa beringi nzuri na kuweka isiyojulikana, hasara tupu.

Tuseme kubadilisha kwa mpango, siku ambayo mashine imelala, kunagharimu kipimo 1, na kufa katikati ya msimu, pamoja na shafti iliyochubuka na foleni ya madebe iliyokwenda kwa jirani, kunagharimu 5. Gharama kwa kila saa 1,000 ukingoja mpaka ife ni 2.22. Ukibadilisha kwenye saa 1,000 ni 1.56, kwenye 1,200 ni 1.52, kwenye 1,300 ni 1.51, kwenye 1,400 inaanza kupanda tena kidogo, 1.52. Umeokoa karibu theluthi, na bonde lenyewe ni pana: popote kati ya 1,000 na 1,400 tofauti ni ndogo. Kwa sababu eta ya tahadhari iko chini, chagua upande wa mwanzo. Bandika kibati kando ya mita ya saa: "Beringi ya puli: badilisha saa 1,100", na uache nafasi ya fundi kuchonga usomaji wa mita siku aliyoibadilisha. Ile anayoitoa ikiwa nzima mwambie akuletee saa zake pia. Kwenye daftari lako inaingia kama iliyo hai.